Bamba Linalozuia Risasi na Kifua Kinacholibeba

Risasi ikizuiwa na bamba, nguvu iliyokuja nayo haipotei. Lazima iishie mahali, na mahali penyewe ni kifua cha aliyevaa. Ndiyo maana maabara zinazopima fulana za kuzuia risasi haziridhiki kwa kuona tu kwamba hakuna tundu. Nyuma ya bamba hufungwa kasha lililoshindiliwa udongo laini wenye mafuta, wa aina wanayofinyangia wachonga sanamu. Bamba likishapigwa, mpimaji huliondoa na kupima kina cha shimo lililobonyea kwenye udongo. Kwa kiwango cha Marekani, ambacho ndicho wauzaji wengi duniani hukitaja, shimo hilo lisizidi milimita 44.

Udongo wenyewe hupimwa kwanza. Hupashwa moto hadi uwe na ulaini unaotakiwa, kisha tufe la chuma lenye uzito wa takriban kilo moja huangushwa juu yake kutoka kimo cha mita 2. Tufe lazima libonyeze kama milimita 19, tofauti ndogo tu ikiruhusiwa. Udongo ukiwa mgumu kupita kiasi, bamba bovu litaonekana zuri. Ukiwa laini mno, bamba zuri litahukumiwa bure. Mtu anayenunua vifaa hivi kwa ajili ya kikosi chake anapaswa kujua kwamba cheti anachoonyeshwa kimesimama juu ya kazi ya uangalifu wa namna hiyo, na kwamba video ya muuzaji anayelipiga risasi bamba lililoegemezwa mtini haimwambii lolote kuhusu mbavu za askari.

Hiyo milimita 44 ilitokana na mbuzi. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Jeshi la Marekani waliwavika mbuzi kitambaa cha Kevlar, wakawapiga kwa risasi za bastola ya .38, wakachunguza mapafu na ini, kisha wakalinganisha majeraha hayo na mashimo yaliyotokea kwenye vitu laini vya maabara. Wakati huo swali lilikuwa la bastola na fulana laini ya polisi. Leo kipimo kilekile kinatumika kuamulia mabamba magumu yanayopigwa kwa bunduki za kivita. Sisemi kwamba ni kipimo kibaya, kwani kimeokoa watu wengi. Ila askari aliyepigwa kwenye bamba, hata kama haoni damu, apelekwe hospitali. Mbavu zinaweza kuvunjika na mapafu yakavilia damu chini ya bamba lililofanya kazi yake barabara.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili si la mbali. Wanajeshi wa Tanzania walipelekwa mashariki mwa Kongo mwaka 2013 katika brigedi ya Umoja wa Mataifa, pamoja na wenzao wa Afrika Kusini na Malawi. Majeshi ya Kenya yaliingia Somalia Oktoba 2011. Juni 2024 polisi wa Kenya walitua Port-au-Prince, mji wa joto na unyevu kama Mombasa, wakakabili magenge yenye bunduki za kivita. Waandishi wa habari wa Goma na Bukavu nao huvaa fulana hizi wanapokwenda kazini. Kila mmoja wao ana mtu nyumbani anayetaka kujua: je, alichovaa kinafaa?

Jibu linaanzia kwenye lebo, na lebo zimebadilika. Novemba 2023 Taasisi ya Taifa ya Haki ya Marekani, NIJ, ilitoa kiwango kipya kurithi kile cha mwaka 2008. Kile cha zamani kilikuwa na madaraja ambayo wengi bado wanayataja kwa mazoea: IIA, II na IIIA kwa risasi za bastola, III na IV kwa za bunduki. Bamba la daraja la III lilipimwa kwa risasi ya 7.62 × 51 ya NATO, ile inayoliwa na bunduki ya G3, ikienda kwa kasi ya mita 847 kwa sekunde. La daraja la IV lilipimwa kwa risasi ya kutoboa chuma ya .30-06, muundo wa enzi za Vita Kuu ya Pili, kwa mita 878 kwa sekunde.

Tazama kilichokosekana. Risasi ya AK, 7.62 × 39, ambayo ndiyo inayoua watu kuanzia Ituri mpaka Mandera, haikuwemo kabisa katika kipimo cha mabamba ya bunduki. Kwa miaka 15 mnunuzi wa Afrika Mashariki alikuwa akisoma cheti kisichotaja silaha anayoiogopa kuliko zote. Watengenezaji wengi waliipima wenyewe na kuiandika pembeni kama nyongeza, lakini hilo ni neno la mtengenezaji, si la maabara huru.

Kiwango kipya kimelirekebisha hilo. Madaraja ya bunduki sasa ni RF1, RF2 na RF3. RF1 inapimwa kwa risasi tatu: ile ya NATO, ile ya AK yenye kiini cha chuma laini kwa mita 732 kwa sekunde, na risasi nyepesi ya 5.56 iitwayo M193 kwa mita 990 kwa sekunde. RF2 inaongeza M855, risasi ya 5.56 yenye ncha ya chuma. RF3 imebaki na ile ya kutoboa chuma. Anayetafuta kinga dhidi ya AK sasa ana pa kuanzia, na kwa maoni yangu zabuni yoyote ya serikali zetu ambayo bado inaandika “daraja la III” bila kutaja risasi imeandikwa ovyo.

Zaidi ya hayo, madaraja si ngazi ambayo kila kipandio kinakizidi cha chini yake kwa kila kitu. Bamba la chuma linaweza kusimamisha risasi nzito ya NATO kisha likatobolewa na M193, nyepesi zaidi, kwa sababu ya kasi yake. Bamba la plastiki ya poliethilini huikamata M193 bila shida, lakini M855 yenye ncha ya chuma inaweza kulipita. Tena, chini ya kiwango cha 2008, bamba la daraja la III lilipigwa risasi sita, ilhali la IV lilitakiwa kustahimili moja tu. Anayekwenda mahali ambapo hatari ni rashasha ya AK kutoka kichakani, na si mdunguaji mwenye risasi za kutoboa chuma, ana sababu ya kufikiri mara mbili kabla ya kulipia namba kubwa.

Kuhusu chuma nitasema waziwazi: sikipendi. Ni rahisi kwa bei, hakivunjiki kikiangushwa, na hakina haraka ya kuzeeka, ndiyo maana kinauzwa sana. Lakini risasi ikigonga chuma hupasuka vipande vipande, na vipande hivyo hutawanyika sambamba na uso wa bamba. Juu ya bamba kuna koo na kidevu. Pembeni kuna mikono na mishipa yake mikubwa. Watengenezaji hupaka tabaka nene la mpira ili kuvinasa vipande, na tabaka hilo husaidia kwa risasi za mwanzo, kisha hupasuka. Uzito nao ni mkubwa: bamba la chuma la ukubwa wa wastani linakaribia kilo 4, na huvaliwa mawili, mbele na nyuma.

Poliethilini iko upande wa pili. Ni nyuzi zilizopangwa tabaka kwa tabaka na kukandamizwa, nyepesi kiasi kwamba bamba lake huelea majini, jambo la maana kwa askari wa ziwani na baharini. Kilo moja na nusu hivi inatosha kwa bamba moja. Udhaifu wake ni risasi zenye ncha ngumu, kama nilivyosema, pamoja na joto kali. Bamba hili si la kuachwa siku nzima nyuma ya gari lililoegeshwa juani.

Katikati iko kauri, ambayo ndiyo majeshi mengi huitumia. Uso wake mgumu huivunja risasi, na mgongo wake wa nyuzi huvidaka vilivyobaki. Kuna kauri ya alumina, nzito na nafuu. Ya silikoni kabaidi, nyepesi kidogo. Na ya boroni kabaidi, nyepesi kuliko zote na ya bei ya juu. Mabamba ya Jeshi la Marekani yaliyoingia Iraki mwanzoni, ya ukubwa wa kati, yalikuwa na uzito wa kilo 1.8 hivi kila moja. Yalipoboreshwa ili yazuie risasi za kutoboa chuma, yalifika kilo 2.5.

Kauri ina tabia inayowaponza wengi. Ikiangushwa sakafuni inaweza kupata ufa ndani huku kitambaa cha nje kikiwa hakina hata mkwaruzo. Askari wengine huligonga bamba kwa kidole cha mkono na kusikiliza, kama mama anayechagua mtungi sokoni. Mtungi hujibu kwa sababu uko wazi; kauri iliyogandishwa kwenye nyuzi na kufunikwa povu hufa mlio. Njia ya kuaminika ni kulipiga picha ya eksirei, na Jeshi la Marekani hufanya hivyo kwa mashine maalumu zinazopitisha mabamba moja baada ya jingine. Kambi isiyo na mashine hiyo inaweza kuomba hospitali ya jeshi au mashine ya mizigo ya uwanja wa ndege. Gharama yake ni ndogo mno ukilinganisha na kumtuma mtu vitani na kigae kilichopasuka.

Na vipimo vyenyewe vinaweza kuharibika. Januari 2009 Jeshi la Marekani lilirudisha ghalani zaidi ya seti 16,000 za mabamba baada ya wakaguzi wa Wizara ya Ulinzi kuona kwamba majaribio ya awali hayakufanywa ipasavyo. Jeshi lenyewe lilisema halikuamini kuwa mabamba hayo ni mabovu, lakini liliyaondoa. Naona huo ndio uungwana unaotakiwa kwa kitu kama hiki: shaka ikiingia, kitu kinaondoka kifuani mwa mtu kwanza, mabishano yafuate baadaye.

Kisa kinachotuhusu zaidi sisi wa nchi za joto ni cha Zylon. Richard Davis, mtu wa Michigan aliyewahi kupeleka piza majumbani Detroit, alianzisha kampuni ya Second Chance katika miaka ya 1970 na kupata umaarufu kwa kujipiga risasi mwenyewe mbele ya watu akiwa amevaa fulana zake. Baadaye kampuni hiyo ikahamia kwenye nyuzi mpya za Zylon, zilizotengenezwa na Toyobo ya Japani. Zilikuwa nyembamba, laini, nyepesi; polisi walizipenda kwa sababu hatimaye walipata fulana wanayoweza kushinda nayo mwilini. Juni 2003 risasi ya bastola ilipenya fulana ya namna hiyo na kumjeruhi vibaya askari wa Pennsylvania. Fulana ilikuwa bado ndani ya muda wa udhamini.

Uchunguzi ulionyesha kwamba Zylon hudhoofika ikikutana na unyevu na joto. Fikiria unyevu huo unatoka wapi: jasho la mvaaji, kila siku, kwa miezi. NIJ ilijaribu fulana 103 zilizokwisha kutumika, na 60 kati yake zilipenywa angalau na risasi moja. Agosti 2005 fulana zote zenye nyuzi hizo ziliondolewa kwenye orodha ya zilizoidhinishwa. Zilikuwa zimefaulu vizuri zikiwa mpya. Kosa lilikuwa kupima kitu kipya na kudhani kitabaki hivyo kikishavaliwa. Kiwango cha 2008 kilizaliwa na funzo hilo: fulana laini sasa huzungushwa kwenye pipa kwa siku 10 katika joto la nyuzi 65 na unyevu wa asilimia 80 kabla ya kupigwa risasi, na mabamba magumu nayo hupitishwa kwenye joto, baridi na kuangushwa. Kwa hiyo msomaji wa Tanga au Lamu akiuliza kama fulana imepimwa kwa hali ya hewa ya kwao, swali hilo lina jibu, na muuzaji asiyeweza kulijibu hafai kuuziana naye.

Polisi waliipenda Zylon kwa sababu ilikuwa nyepesi, na hawakukosea kutaka wepesi. Kuna viongozi wa vikosi wanaodhani askari anayelalamikia uzito ni mlegevu. Jeshi la Marekani, katika mwongozo wake wa kitabibu kuhusu joto, linaelekeza kwamba mtu akivaa fulana ya kivita mahali penye unyevu, kipimo cha joto la mazingira kiongezwe karibu nyuzi 3 za Selsiasi kabla ya kuamua afanye kazi kiasi gani. Jasho haliwezi kukauka chini ya bamba. Mwili unaendelea kupata moto, mtu anachanganyikiwa, mkono unalegea kwenye bunduki, na wengine huanguka. Au anafanya linalofanywa na binadamu yeyote: anafungua mikanda ya pembeni, anatoa bamba la nyuma, analiacha garini.

Mvutano huo wa kinga na uzito ulionekana wazi Iraki. Januari 2006 gazeti la New York Times liliandika kuhusu uchunguzi wa madaktari wa jeshi ulioonyesha kwamba wanamaji wengi waliokufa kwa majeraha ya kiwiliwili wangeweza kupona kama mabega na ubavu wao ungefunikwa zaidi. Mabamba ya ubavuni yakaongezwa haraka. Ilipofika 2009, katika milima ya Afghanistani, askari waliobeba mzigo huo walishindwa kuwafuata wapiganaji waliovaa kanzu na makubazi, na jeshi likaanza kugawa fulana nyepesi zinazobeba mabamba tu. Maamuzi hayo yote mawili yalikuwa na sababu. Askari wa mji wa tambarare wenye mabomu ya barabarani na yule wa mlimani hawawezi kuvaa sawa, na uamuzi huo unapaswa kufanywa na mtu anayejua ardhi atakayokanyaga askari.

Tuje kwenye mwili sasa, kwa kuwa hapa ndipo kinga nyingi nzuri hupotea bure. Weka kidole kwenye kishimo kilicho chini ya koo, pale mitulinga miwili inapokutana. Ukingo wa juu wa bamba unatakiwa ufike hapo. Fulana nyingi unazoziona kwenye picha za habari zimening'inia upana wa kiganja chini ya hapo, na mishipa mikubwa inayotoka moyoni imeachwa wazi huku tumbo likilindwa. Bamba kazi yake ni moyo na mapafu. Upana wake utoke chuchu hadi chuchu, na chini liishie vidole kadhaa juu ya kitovu, ili mvaaji aweze kuketi na kuinama bila kusukumwa kooni. La nyuma liwe usawa uleule na la mbele.

Mwenye mwili mkubwa asidhani anahitaji bamba kubwa sana. Ukubwa unafuata nafasi ya moyo na mapafu, si kiuno. Bamba pana kupita kiasi huzuia mikono isikutane mbele kushika bunduki, na askari hujikuta analenga akiwa amepinda. Umbo nalo lina maana. Yapo mabamba bapa, yapo yaliyokunjwa upande mmoja, na yapo yaliyokunjwa pande nyingi kufuata kifua. Haya ya mwisho ni ghali, lakini kwa anayevaa saa nane au kumi kwa siku, tofauti yake huonekana mgongoni na mabegani.

Wanawake wamesubiri haki yao katika hili kwa muda mrefu mno. Fulana zilishonwa kwa mwanamume wa wastani, na mwanamke akapewa ya saizi ndogo. Walipoketi, bamba liliwapanda kooni au kuwachubua nyonga. Walipolenga, kitako cha bunduki hakikukaa begani. Chini ya kwapa palibaki mwanya. Jeshi la Marekani lilitengeneza fulana ya wanawake yenye saizi zaidi na urefu mfupi, ikajaribiwa na wanawake wa Divisheni ya 101, na mwaka 2012 jarida la Time likaitaja miongoni mwa uvumbuzi bora wa mwaka. Kiwango kipya cha NIJ nacho kimeboresha namna ya kupima kinga zilizoshonwa kwa maumbile ya mwanamke, kwa kuwa mikunjo ya kitambaa kifuani huleta sehemu dhaifu. Vikosi vyetu vina askari wa kike wengi, kuanzia ulinzi wa amani hadi doria za mbuga. Zabuni inayoorodhesha saizi bila kuwataja inawaacha nje ya kinga, na sioni udhuru wowote wa kuliendeleza jambo hilo.

Kwa hiyo anayenunua asiishie mezani. Achukue sampuli mbili tatu, awavike askari wa maumbo tofauti, wanaume kwa wanawake, awapandishe kwenye Land Cruiser na kuwashusha kwa haraka, walale kifudifudi na kulenga, watembee saa mbili mchana wa jua. Halafu awasikilize. Na shehena ikifika, mabamba machache yachaguliwe bila mpango na kupelekwa maabara huru yakapigwe, kabla malipo hayajakamilika. Orodha ya bidhaa zilizoidhinishwa na NIJ iko wazi kwa yeyote na haina malipo. Namba ya aina iliyo kwenye lebo ilinganishwe na iliyo kwenye orodha, herufi kwa herufi, kwa kuwa lebo za kughushi zipo. Mabamba ya msaada au ya mitumba yaangaliwe tarehe. Udhamini wa mengi ni miaka 5, na hakuna anayejua yameangushwa mara ngapi.

Kuna maandishi mawili nyuma ya bamba ambayo kila mvaaji ayatafute. La kwanza linaonyesha upande unaopaswa kutazama risasi. Kauri ikigeuzwa, nyuzi zikawa mbele na kigae nyuma, haifanyi kazi iliyopimwa. La pili ni herufi ICW. Maana yake bamba hilo lilifaulu likiwa limeegemea kinga laini ya daraja lililotajwa papo hapo, na pasipo kinga hiyo cheti chake hakihesabiki. Linaposafirishwa peke yake na kuchomekwa kwenye mfuko mtupu wa fulana, kama inavyotokea mara kwa mara, hakuna maabara iliyowahi kuahidi kwamba litamzuilia mtu chochote.